Mume Mwenza Kabatini

Matsue, mwezi wa Novemba

Dada yangu mpendwa Yasue,

Salamu zangu zikufikie huko Furano kabla theluji haijaziba njia, nazo zikukute mzima wa afya, wewe na shemeji na Mama. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Kila baridi inapoanza kunichoma vidole namkumbuka yeye kwanza, maana najua huko kwenu baridi haichomi, inauma kama mbwa. Mwambie aache kuteremka ghalani kukagua viazi. Viazi havitoroki. Sisi huku hatujambo. Mihoko anawasalimu sana, na anasema maboga mliyotuletea yalikuwa matamu hadi ameyapika kwa kila namna anayoijua, na sasa anabuni namna nyingine.

Juzi kwenye simu uliniuliza ndoa inakwendaje, nikakujibu ni nzuri tu, ukanyamaza kidogo, nikajua hukuridhika. Hukukosea. Nikiongea na simu, Mihoko huwa upande wa pili wa mlango wa karatasi, na mlango wa karatasi hausitiri neno. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Msomee Mama mwanzo na mwisho. Katikati paruke, au umsomee siku utakayomwona ana moyo wa kucheka.

Nianze na mazuri, maana ni mengi. Sikujua, dada, kwamba mtu wa umri wangu, aliyezoea kula tambi za kikombe kasimama jikoni, anaweza kutamani hivi kurudi kwake. Asubuhi Mihoko hupika supu ya chaza wadogo wa ziwani, nami huamshwa na harufu, si na saa. Jioni nikimaliza kupima watu macho kwenye duka la miwani napita kituo cha treni kununua kitu kidogo cha kushushia chakula. Naye akitoka kazini kwa dobi hupita duka lake, na mara nyingi tunakutana mlangoni kila mmoja kaficha kitu mgongoni. Jumapili tunatembea ukingoni mwa ziwa tukila keki za umbo la samaki zilizojaa maharage matamu, za moto za kubabua ulimi. Yeye huanzia mkiani, mimi kichwani. Ananiita katili. Namwambia katili ni yeye, kwa sababu samaki anayeliwa kuanzia mkiani anashuhudia kila kitu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, dada. Watu wazima wawili.

Sasa nije kwenye lililokufanya unyamaze. Kabla sijaenda kumposa Mihoko uliniambia, “Kuni, anayeoa mjane haoi mtu mmoja. Umejiandaa?” Nikacheka, nikakujibu kwamba marehemu hali wala hanywi. Laiti ungenizaba kibao.

Alipohamia kwangu mwezi wa Aprili alikuja na nguo zake, sufuria ya chuma ya bibi yake, na kikabati cheusi cha kumkumbukia marehemu mumewe: milango miwili midogo, kengele, chungu cha udi, na picha ya Toshiharu. Nilikibeba mimi mwenyewe ngazi zote, nikakitafutia mahali pazuri sebuleni pasipopigwa na jua, nikakipangusa vumbi. Nilijiona muungwana kweli kweli. Katika picha Toshiharu kavaa shati la buluu, anacheka, na jino lake moja limempandia jirani yake. Ni mwanaume mzuri, sitamnyima haki yake. Tatizo lake ni kwamba hazeeki. Mimi kila nikichana nywele naziona zinabaki kwenye kitana. Yeye zake ziko pale pale.

Kumpa marehemu chochote si jambo la ajabu. Hata sisi marehemu Baba tulikuwa tukimwekea wali asubuhi, tunagonga kengele, basi, tunaendelea na maisha. Lakini Mihoko humpa kila kitu, humpa kwanza, na humpa kilicho bora. Nilipoleta keki za mchele zilizofungwa kwa majani ya mcheri, ile yenye jani zuri lisilochanika ilikwenda kwake. Nilipoleta stroberi, tunda kubwa kuliko yote lilipanda kabatini likakaa pale likiangaliana na jino lake. Wiki za kwanza nilipendezwa. Nilijiambia, mwanamke anayemtunza aliyekufa namna hii, aliye hai atamtunzaje! Wiki zikawa miezi, nami nikaanza kumhesabia kila tunda.

Nimesikia kwamba wake wenza angalau hugombana, wakanyang’anyana sufuria, wakasemana mitaani hadi wote wakachoka. Mwenza wangu mimi hanijibu. Namtolea macho, anacheka. Namnunia, anacheka.

Nilifanya kosa la kumwambia Bwana Nonomura, mwenzangu dukani. Unamkumbuka, yule aliyeimba vibaya kwenye harusi. Tangu siku hiyo sikupata amani. Nikiingia asubuhi ananiuliza, “Enhe, bwana mkubwa kala nini jana?” Nikimwambia aniache, anasema, “Usikasirike, bwana mdogo. Shika adabu, siku moja nawe utapewa cha kwanza. Ukifa.” Anacheka peke yake hadi wateja wanageuka.

Wakati wa joto nilipata nafuu kidogo. Tuligundua duka karibu na mfereji linalouza barafu ya kusaga yenye sharubati ya stroberi, na barafu, dada, haibebeki hadi nyumbani. Hapo nikaona nimempata. Nikawa nampeleka Mihoko kula barafu kila nafasi ilipopatikana, hata siku za mawingu, hata alipokuwa na mafua. Alikuwa akicheka na midomo myekundu, nami nikimtazama najisemea moyoni, hiki ni chetu sisi wawili, kabati halifiki hapa. Kumbe nilijidanganya. Siku moja alikuja kazini kwangu na mfuko wa kuhifadhi baridi aliouazima kwa dobi, tukaenda kula barafu, akanunua kikombe cha tatu, tukakimbia nacho nyumbani juani kama watu walioiba. Aliiweka barafu mbele ya picha, akagonga kengele, akafumba mikono. Mimi nilisimama nyuma yake nikiitazama ikiporomoka, ikawa maji mekundu, na ni mimi niliyeambiwa nikayamwage. Nilipokuwa nayamwaga kwenye sinki roho iliniuma kuliko inavyofaa kwa kikombe cha maji.

Halafu likaja tikiti lako. Usidhani sikushukuru. Lilipofika nililikumbatia kama mtoto, nikalinusa kitakoni kama ulivyonifundisha, nikasubiri hadi likanukia nyumba nzima. Siku ya kulikata nilinoa kisu mwenyewe. Nilimwambia Mihoko kwamba tikiti hili limelimwa na mikono ya dada yangu, na kwetu ni desturi anayelikata ale kwanza. Unajua na ninajua kwamba hatuna desturi hiyo. Aliniangalia kwa upole, akasema ni desturi nzuri, kisha akachukua kipande cha katikati, kile chenye rangi ya chungwa iliyokolea, akakiweka kwenye sahani ya buluu na kukipeleka kabatini. Aliporudi aliniambia nile sasa. Nilikula. Lilikuwa tamu, na kila tonge lilishuka na kijiba cha roho.

Jioni ile nilijikaza nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama kuna ubaya sisi tukila kwanza halafu Toshiharu akafuata. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. Alisema, “Asipokula yeye, mimi haipiti.” Akajigusa koo. Sikuuliza tena. Wewe ungesikia nini katika maneno hayo, dada? Mimi nilisikia mapenzi. Nilisikia mapenzi makubwa ambayo mimi nimepewa makombo yake.

Siku za kuwapokea marehemu, mwezi wa Agosti, alimtengenezea Toshiharu farasi wa tango wa kupanda kuja nyumbani, kisha akaenda peke yake Hamada kusafisha kaburi na kumsalimu mama mzazi wa Toshiharu, Mama Kinue. Nilijitolea kumsindikiza, akasema hapana, ni mbali na kuna joto. Nikabaki na feni. Alirudi macho yamevimba. Nilimpa chai ya baridi, naye akashukuru kama mgeni.

Lililonivunja kabisa lilikuwa pudini. Ndiyo, pudini hii hii ya mayai, ya kikombe, yenye sukari ya kuungua chini, inayouzwa kila pembe. Mwezi uliopita nilipita dukani nikakumbuka kwamba hatujawahi kuila. Nikanunua vikombe viwili. Mihoko alipofungua mfuko uso wake ulipauka kama karatasi. Alichukua vikombe vyote viwili, changu na chake, akaviweka mbele ya picha, akaingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo hadi nikagonga mlango kuuliza kama yu hai. Akaniambia yu hai. Alipotoka tulikula machungwa.

Basi hapo nikajua. Kila mapenzi yana chakula chake, nikajiambia, na chao kilikuwa pudini. Nilianza kuwaona. Nikiwa napima mteja macho, namwambia asome herufi za chini, mimi naona kijiko kimoja na vinywa viwili. Nilikonda. Bwana Nonomura mwenyewe aliacha kunitania, na hilo lilinitisha kuliko utani wake.

Sasa sikia nilichofanya, na kama Mama yuko karibu, hapa ndipo pa kuruka.

Jumapili ya mwanzo wa mwezi huu kulinyesha. Mihoko alikuwa na zamu ya asubuhi kwa dobi. Mimi nilikuwa peke yangu nyumbani, na gari la viazi vitamu likapita barabarani likiimba wimbo wake. Nikashuka na mwavuli nikanunua kiazi kimoja kikubwa, kimechomwa hadi asali inatoka kwenye ganda. Nikarudi, nikaketi mbele ya kabati, nikakivunja. Moshi ukapanda. Toshiharu akacheka. Nikamwambia, kwa sauti, “Leo, bwana, unaangalia.” Nikala. Nilikula kiazi kizima mbele yake, dada, na ganda nikala, na nilikuwa nimeshashiba kwenye nusu. Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia kwamba huyu mke mimi ndiye ninayemkanda mabega, mimi ndiye ninayemfungulia chupa, na kwamba ingekuwa heri angeondoka kama watu wanavyoondoka, akamwachia mtu nafasi ya kukaa. Nikachoka kuongea. Nikamshika na fremu yake nikampeleka chumbani, nikamtia kwenye droo ya soksi zangu, nikaifunga kwa goti.

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri sana. Nilirudi sebuleni nikalala chali mkekani nikaona nyumba imekuwa kubwa.

Sijainuka nikasikia ufunguo. Kisha nikasikia sauti mbili. Mihoko aliingia kalowa bega moja, maana mwavuli alikuwa amemwinamishia mtu mwingine: bibi kizee mfupi, mgongo umepinda, kavaa koti la kijivu, kashika kifurushi cha kitambaa. Nilikuwa sijawahi kumwona ila nilimjua kwa jino. Alikuwa Mama Kinue. Alikuwa ametoka Hamada kwa treni ya alfajiri bila kumwambia mtu, akamfuata Mihoko kazini, na mwenye duka akamruhusu Mihoko atoke mapema.

Nilimkaribisha, nikainama, nikajitambulisha. Yeye akanishukuru kwa kumtunza Mihoko, akasema maneno yote ya heshima, kisha akaomba kwanza amsalimu mwanawe. Akapiga magoti mbele ya kabati, uso kauinamisha. Akawasha udi. Akagonga kengele. Akafumba mikono, akafumba macho, akaomba. Akafumbua macho.

Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilitamani inyeshe ndani.

“Mihoko,” alisema yule mama, “huyu kaenda wapi?”

Mihoko aliangalia kabati, kisha akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na ganda la kiazi kwenye kidevu. Nilikwenda chumbani, nikafungua droo, nikamtoa Toshiharu, na kwa haraka yangu sikuona kwamba soksi moja ya kahawia ilikuwa imening’inia kwenye pembe ya fremu. Nilimkabidhi mama yake hivyo hivyo, pamoja na soksi.

Mama Kinue aliitazama soksi. Aliiondoa kwa vidole viwili, akaikunja vizuri, akanirudishia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, nikakimbia kumletea maji. Alisema kwamba mwaka aliokufa mwanawe, naye alimfungia kwenye kabati la matandiko kwa hasira, msimu mzima, kwa kosa la kufa kabla ya mama yake. Alisema, “Baba, usione haya. Wafu nao wana kiburi. Wakati mwingine lazima uwafungie.”

Mihoko hakucheka. Alikuwa bado kasimama na koti lake lililolowa, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia. Aliniuliza, “Amekula leo? Umempa chochote kabla hujamfungia?” Nilitikisa kichwa. Akakaa chini pale pale aliposimama.

Mama Kinue akaweka kikombe. Akamwambia, “Mwanangu, mwambie mumeo. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Nimekuja kwa ajili hiyo.” Mihoko akawa anatazama mikeka. Basi mama akasema mwenyewe, na ninakuandikia kama alivyosema, kwa sababu kila neno limenikaa.

Alisema kwamba mwisho wa Toshiharu ulianza na pudini. Alikuwa ameiacha kwenye friji, Mihoko akaila. Jambo la nyumba yoyote. Toshiharu akanuna kidogo, wakarushiana maneno mawili matatu, ya mzaha nusu na ya kweli nusu, kisha akachukua baiskeli yake kwenye mvua kwenda kununua nyingine. Lori likamkuta kwenye kona. “Tangu utotoni alikuwa hivyo,” alisema Mama Kinue. “Akikosa kitu, lazima akipate saa hiyo hiyo, na ni mimi niliyemlea hivyo. Lakini siku ya mazishi sikusema hivyo. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya ukoo mzima nikamwambia msichana huyu: mwanangu kafa na njaa kwa sababu mkewe hakuweza kumwachia hata kijiko. Nilisema hivyo. Na watu waliosikia ni wengi, na hakuna aliyenikataza.”

Dada, niliketi pale na soksi mkononi. Miezi yote hii nilikuwa nikiona wivu juu ya mapenzi. Hayakuwa mapenzi. Ilikuwa ni adhabu. Mke wangu alikuwa anatumikia adhabu mbele ya macho yangu mara tatu kwa siku, na mimi nilikuwa nahesabu ukubwa wa stroberi.

Mama Kinue aliendelea kusema kwamba mwezi wa Agosti, kaburini, Mihoko alimwambia kama mtu anayetoa taarifa njema: bado nampa kwanza, mama, sijawahi kukosa. Alisema siku ile yeye mwenyewe alirudi kwake akashindwa kula. Ndipo alipojua kwamba maneno yake hayakuishia kwenye mazishi, yalihamia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Kisha yule mama, na mgongo wake ule, aliweka mikono miwili mkekani akainama mbele ya Mihoko hadi paji la uso likagusa chini. Mihoko akapiga ukelele akamkimbilia kumwinua, akashindwa, akaishia kuinama naye. Waliinamiana hivyo wakilia, nami sikujua pa kuiweka miguu yangu.

Walipotulia Mama Kinue alifungua kifurushi chake. Kilikuwa kitambaa kitupu, kikubwa, cha zambarau. Alisema, “Nimekuja kumchukua mwanangu.” Akasema nyumba yake ina nafasi, ana kabati la marehemu mumewe, watakaa baba na mwana wakisumbuana.

Nilichokuwa nakitaka tangu Aprili, dada, kikawa kimewekwa mbele yangu. Na unajua nilisema nini? Nilisema asiondoke. Nilisema mvua ni kubwa, nilisema fremu italowa, nilisema sijui nini. Mihoko alinigeukia akanishika mkono wenye soksi, akasema, “Kuni, mwache aende kwao.” Akamfuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akamtazama muda wa kutosha, akamfunga ndani ya kile kitambaa mwenyewe, fundo zuri la kubebea. Tulimsindikiza Mama Kinue hadi kituoni tukiwa watatu chini ya miavuli miwili. Mimi nilimbeba Toshiharu. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi, sitakuficha. Tulikuwa tukikaa mezani, wali unatoka moshi, Mihoko anashika vijiti na koo lake linakataa. Nilimwambia tusubiri pamoja. Tukawa tunasubiri, chakula kinapoa, tunakila kimepoa. Niliacha kuleta vitu vitamu. Nilimwambia pia nilichofikiri juu ya pudini, kijiko kimoja na vinywa viwili, nikitegemea atakasirika. Akaniangalia akasema, “Wewe Kuni ni mjinga wa kiwango cha kutisha,” na hilo lilikuwa neno la kwanza la furaha ndani ya nyumba wiki nzima.

Jana tulikwenda Hamada, sote wawili safari hii. Mama Kinue alikuwa ametuandalia chai ya kijani na keki ya maharage aliyoipika mwenyewe, nyeusi, nzito, inang’aa. Toshiharu alikuwa kabatini pamoja na baba yake, shati lile lile, kicheko kile kile. Mama alikata kipande cha kwanza na kuniwekea mimi, mgeni wake. Niliona aibu. Niliangalia picha, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma yule mwanaume, kwamba mama yake mzazi anampita na sahani mbele ya macho yake. Nikawa nimekaa na kipande changu, sijui kama nile au nimsogezee, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Hapo nikasikia kijiko kinagonga sahani. Nikageuka. Mihoko alikuwa amekwisha kula. Hakumngoja Toshiharu, hakuningoja mimi, hakumngoja hata mwenye nyumba. Alikuwa na maharage kwenye kona ya mdomo, na alikuwa ananyoosha sahani mbele akiuliza kama kuna kingine. Mama Kinue alimkatia kipande kikubwa kuliko changu mara mbili.

Kwa hiyo nimekuwa wa pili tena, dada. Imeniuma kidogo, nisikudanganye, maana kile kipande kilikuwa kizuri. Lakini kidogo tu.

Nina ombi moja. Mwaka huu ukituma viazi na vitunguu, tenga boksi dogo la Mama Kinue. Anwani nitakupa kwenye simu. Mwandikie chochote juu yake, yeye ni mtu wa kupenda kujua kitu kimelimwa na nani. Na mwakani ukituletea tikiti, usiseme lolote kuhusu desturi yetu ya mkataji kula kwanza. Mihoko ameshanikamata.

Msalimie shemeji, na umwambie asipande juu ya paa peke yake kuondoa theluji, angoje majirani. Msalimie Mama, mkande magoti kwa niaba yangu, umwambie mwanawe anakula vizuri na mkewe pia anakula. Sisi huku tunawaombea majira ya baridi yenye kuni za kutosha na njia zisizofungwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kuniaki